Bastola mezani: mchezo upi wa kauboi ununue kwanza

Kama kikundi chenu cha michezo ya kuigiza mezani (kila mtu anaigiza mhusika wake, dadu zinaamua matokeo) kimechoka mapanga na mazimwi, na sasa mnataka kofia pana, farasi na vumbi, msianze kwa kuulizana kitabu kipi kina picha nzuri. Jiulizeni hivi: mtu akichomoa bastola katika mchezo huu, wenzake mezani watashtuka, au wataendelea kutafuna karanga? Michezo mingi ya kauboi huuzwa kwa jalada. Ukifika kwenye risasi unakuta ni upanga ule ule uliobadilishwa jina: mhusika anapigwa nne za kifua, anapunguziwa pointi, anaendelea kukimbia.

Kipimo ninachotumia ni Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881. Ndugu watatu wa ukoo wa Earp, waliosimama upande wa sheria, pamoja na rafiki yao Doc Holliday walikabiliana na wachunga ng'ombe wa kina Clanton na McLaury, hatua chache tu kati yao. Zilirushwa risasi kama 30 ndani ya nusu dakika hivi. Watatu walikufa, watatu walijeruhiwa, Wyatt Earp akatoka bila mkwaruzo. Ike Clanton, aliyekuwa akitoa vitisho tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, alitimua mbio. Kanuni nzuri za risasi lazima ziruhusu yote hayo: kukosa shabaha hata ukiwa karibu, kufa ghafla, na mwenye mdomo mkubwa kuwa wa kwanza kukimbia. Hakuna mchezo unaoyatoa yote ukiwa umeufungua tu kutoka dukani, kwa hiyo ninapanga hii minne kwa kuangalia pia jinsi inavyokubali kuongezewa kanuni za nyumbani, yaani zile mnazojitungia wenyewe.

Namba moja: Savage Worlds, kisha Deadlands

Deadlands ilitoka mwaka 1996, kazi ya Shane Lacy Hensley na kampuni ya Pinnacle. Ni Magharibi ya Marekani iliyochanganywa na wafu wanaotembea na wachawi wanaocheza poka na mashetani. Toleo la sasa linategemea kitabu kingine, Savage Worlds, na hapo ndipo wanunuzi wengi wapya huchanganyikiwa: wananunua Deadlands peke yake, wanarudi nyumbani, hawawezi kucheza. Anza na kitabu cha msingi cha Savage Worlds. Bastola maarufu ya kauboi, Colt Peacemaker, imo humo humo, ikiwa na madhara ya dadu mbili za pande sita na kuongeza moja. Kama hamtaki mizimu, huenda hamtahitaji Deadlands kabisa.

Ninaiweka juu kwa sababu ya karata. Kila raundi unagawa karata moja kwa kila mtu, na mwenye karata kubwa ndiye anayetangulia. Ree ya shupaza ikifunuliwa mbele ya mchezaji, meza nzima inajua kitakachofuata. Akipata karata ya joka (joker) anaingia wakati wowote anaotaka, na anaongezewa mbili kwenye kila anachojaribu. Dadu ikitoa namba yake ya juu kabisa unairusha tena na kujumlisha, hivyo hata kijana wa dukani mwenye mkono unaotetemeka anaweza kumlaza jambazi mashuhuri.

Udhaifu wake ni kwamba huwalea mno mashujaa. Mhusika mkuu anavumilia majeraha matatu kabla ya kuanguka, na ana tokeni za bahati za kuyafuta. Dawa ya kwanza imo kitabuni kama kanuni ya hiari: kila ukijeruhiwa, unaangalia pia kwenye jedwali la majeraha. Iwasheni siku ya kwanza. Baada ya hapo ongezeni za nyumbani. Mimi hupendekeza tatu.

Ya kwanza ni risasi tano. Bastola kama Peacemaker ya mwaka 1873 ina matundu sita, lakini mwenye busara aliacha tundu lililo chini ya nyundo tupu, maana bastola ikidondoka au nyundo ikigongwa risasi ingeweza kutoka na kumpata mwenyewe mguuni. Kwa hiyo kila mtu ana tano, isipokuwa mchezaji aliyesema mapema, kwa sauti, kwamba ameweka ya sita. Huyo naye akianguka kutoka kwenye farasi arushe dadu. Utashangaa kanuni ndogo hivi inavyowafanya watu waanze kuhesabu.

Ya pili ni moshi. Baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa Ufaransa mwaka 1884 na ilichukua muda kuenea. Kabla ya hapo, risasi chache ndani ya baa zilitosha kukifanya chumba kisionekane. Baada ya raundi ya kwanza ya kurushiana ndani ya nyumba, kila shabaha ya zaidi ya hatua chache ipunguziwe mbili. Hii peke yake inaeleza jinsi watu walivyokosa shabaha wakiwa karibu kiasi cha kutemeana mate.

Ya tatu inahusu wenyeji. Maiti ya kwanza ikianguka barabarani, mwendesha mchezo afunue karata moja. Ikiwa nyekundu, kopa au uru, watu wa mji wanajificha. Ikiwa nyeusi, shupaza au pau, wanachukua silaha. Msione ni chumvi. Tarehe 5 Oktoba 1892, genge la Dalton liliingia Coffeyville, Kansas, kuiba benki mbili kwa mkupuo. Wananchi wakabeba bunduki kutoka kwenye maduka ya vifaa vya chuma na kuwafyatulia. Wanne kati ya majambazi watano walikufa, na wakazi wanne pia. Aliyepona, Emmett Dalton, alikuwa na majeraha 23. Wachezaji wakishaonja karata nyeusi mara moja, wanaanza kufikiria wizi wa usiku.

Namba mbili: Boot Hill

Huu ni mchezo wa kampuni ya TSR wa mwaka 1975, wa Brian Blume na Gary Gygax. Toleo la pili, la 1979, ndilo la kutafuta. Ni kijitabu chembamba, na unahitaji dadu mbili za pande kumi tu, moja ya makumi na nyingine ya mamoja. Ukipigwa unaangalia risasi imeingia wapi, halafu kama jeraha ni dogo, kubwa au la kufa. La kufa ni la kufa kweli, hata kama umemlea mhusika huyo mwaka mzima.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba ujasiri una namba yake, na namba hiyo inaathiri kasi na shabaha. Uzoefu nao unahesabiwa kwa mapigano ya bastola uliyotoka hai, basi. Humo mna hata Tombstone na Coffeyville za kucheza. Kwa mapigano tupu ningeupandisha juu kabisa, ila ukitaka kujua jinsi ya kuendesha kesi, kumbembeleza shahidi au kufuata nyayo jangwani, utabaki kubuni mwenyewe. Ununue kama bajeti ni ndogo, au kama mnataka jioni moja ya kuuana bila kinyongo.

Namba tatu: Aces & Eights

Jina linatokana na karata anazosemekana kuwa alishika mpiga bastola mashuhuri Wild Bill Hickok alipopigwa risasi ya kisogoni katika mji wa Deadwood tarehe 2 Agosti 1876: ree mbili nyeusi na nane mbili nyeusi. Kampuni ya Kenzer iliutoa mwaka 2007. Kwa risasi hakuna unaouzidi. Unaweka plastiki angavu, yenye duara za shabaha, juu ya mchoro wa mtu, unachagua pa kulenga, unarusha dadu ya pande 20, na ukipungukiwa, karata inakuonyesha risasi imepotelea upande gani. Ulilenga moyo, imepita chini ya kwapa. Au imempata farasi wa jirani.

Mbona basi uko wa tatu? Kwa sababu unanunua kitu, si maandishi. Ukipata nakala iliyotumika, muulize muuzaji kwanza kama plastiki ipo. Bila hiyo umenunua kitabu kizito cha kuwekea vikombe. Ukiwa na faili la PDF, nenda kwa watu wa steshenari wakuchapie ukurasa huo kwenye karatasi ya plastiki. Tena, pigano la sekunde kumi linaweza kula saa nzima.

Namba nne: Dogs in the Vineyard

D. Vincent Baker aliutoa mwaka 2004: vijana walinzi wa dini katika nchi inayofanana na Utah ya zamani. Hapa bastola ni ngazi ya mwisho ya ugomvi. Mnaanza kwa maneno, mnasukumana, mnapigana, na anayeona anashindwa ndiye anayeamua kama atapanda hadi kwenye risasi. Madhara ya maneno yanarushiwa dadu ya pande nne, ya bastola dadu ya pande kumi. Wazo hilo ni zuri kiasi kwamba ningelikopa kwa mchezo wowote: kabla ya risasi ya kwanza, kila upande upewe sentensi moja ya mwisho. Lakini mtunzi aliacha kuuuza, kwa hiyo ni wa kuwinda mitumba.

Kuhusu malipo, vitabu vya karatasi vikisafirishwa hadi Afrika Mashariki nauli inaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe, kwa hiyo PDF ndiyo njia. Asiye na kadi ya benki atumie kadi ya Visa ya M-Pesa. Karata zipo katika kila duka la mtaani, na kete za bao zinafaa kabisa kuwa tokeni za bahati. Kwa Savage Worlds, kitu pekee cha kuagiza ni seti ya dadu za pande nne hadi kumi na mbili, au mtumie programu ya simu mpaka mjue kama mchezo umewakaa. Ile dadu ya ziada ya pande sita ambayo Savage Worlds humpa kila mhusika mkuu, chomoeni kwenye ludo ya watoto.