Uta mmoja, mimi na kijana wangu: Diamond Infinite Edge Pro baada ya misimu miwili Minnesota

Nilizaliwa Kitui mwaka 1982, miaka mitano baada ya Kenya kupiga marufuku uwindaji. Uta pekee niliouona utotoni ulikuwa ukutani kwa babu, ugwe umelegezwa, podo la ngozi limening'inia kando yake, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa. Leo naishi kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Kijana wangu alipofika miaka 13 aliniambia tukiwa mezani, "Mama, nataka kujifunza kuwinda kulungu kwa uta. Twende wote." Baba yake huwa barabarani na lori wiki nzima, kwa hiyo wote ni mimi na yeye.

Tuliununua uta huu, Diamond Infinite Edge Pro, mwezi wa Mei, mpya, kwa dola 400 na kidogo. Ni uta wa vigurudumu, mwepesi, kama kilo moja na nusu, na ulikuja na vitu vyake: kilengeo chenye vijiti vitatu, kishikizo cha mshale, podo la kubandika ubavuni, na kitundu cha kuchungulia kilichofungwa kwenye ugwe. Sababu ya kuuchagua ni moja. Uzito wa kuvuta, yaani nguvu inayohitajika kuvuta ugwe, unaanzia ratili 5 hadi 70, na urefu wa kuvuta, yaani ugwe unarudi nyuma kiasi gani, inchi 13 hadi 31, na yote mawili unayabadilisha nyumbani kwa kispana kidogo cha pembe sita. Huhitaji mashine ya kuubana uta, wala kuurudisha dukani kila mtoto anaporefuka. Na wangu anarefuka kweli.

Mwanzo wetu ulikuwa mbaya, na uta haukuwa na kosa. Muuzaji wa duka tulikoununua alimtazama kijana kwa macho tu, akaufunga inchi 28 na ratili 45, akasema atauzoea. Siku ya kwanza uwanjani mtoto alikuwa akiinua uta juu mbinguni ndipo aweze kuvuta, mgongo umepinda, meno yameuma. Mshale wa nne ugwe ulimchapa mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi kifundo. Aligeuka upande nisimwone analia. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga shabaha karibu yetu alikuja na utepe wa kupimia, akamwambia anyooshe mikono kama mtu anayetaka kukumbatia mti, akapima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: inchi 61. Gawanya kwa 2.5. Urefu wake wa kuvuta ni kama inchi 24 na nusu! Tulikuwa tumempa uta wa mtu mzima.

Nilipunguza urefu kwa kispana palepale, kila nafasi ina alama kwenye kigurudumu, nikalegeza skrubu mbili za juu na chini kwa mizunguko sawasawa hadi ratili 24. Akavuta akiwa amesimama wima, uta mbele ya uso wake. Huo ndio mtihani ninaompa kila mzazi anayeniuliza: mtoto akae kwenye kiti, avute polepole bila kuuinua uta. Akishindwa, punguza. Punguza bila kujali kijana wa jirani anavuta ngapi.

Juni yote tulipiga yadi 10. Jioni mishale 30 kila mtu, kisha basi, kwa sababu bega likichoka linafundisha makosa. Kila wiki mbili nilikaza kidogo. Sheria ya Minnesota inataka uta wa kulungu uwe na angalau ratili 30, na kigumba, ile ncha kali ya mshale, kiwe na upana usiopungua robo tatu na nusu ya robo ya inchi. Kufikia Septemba alikuwa anavuta 36 bila kutetemeka. Tulikuwa tumesoma pia kozi ya usalama ya jimbo, wote wawili.

Sasa jambo ambalo tangazo halikuambii. Nilidhani uta mmoja utatutosha kwa zamu. Hautoshi. Ukibadilisha uzito, mshale unaangukia mahali pengine, na ukibadilisha urefu, kitundu cha kuchungulia hakiko tena mbele ya jicho. Nyuta zote za vigurudumu ziko hivyo. Tulipoteza Jumamosi tatu tukilenga upya kila tulipobadilishana, mpaka nikanunua wa pili kama huu, uliokwishatumika, kwa mfanyakazi mwenzangu. Mkiwa wawili, hesabu nyuta mbili. Hesabu pia kifyatulio cha mkononi cha kuachia ugwe, mishale ya kaboni inayolingana na uzito wenu, na vigumba. Kwa uta mwepesi chukua kigumba chenye makali yasiyokunjwa. Vile vinavyofunguka vikigonga vinakula nguvu ambayo mtoto hana ya kupoteza. Na kamwe msifyatue uta mtupu bila mshale, unaweza kupasuka mkononi.

Msimu wa kwanza hatukupata kitu. Tulikuwa tumekubaliana hatupigi zaidi ya yadi 20, na kulungu jike alisimama yadi 30 kwa dakika nzima. Mwanangu hakuvuta. Nilijivunia hilo kuliko chochote alichowahi kuniletea kutoka shuleni.

Oktoba ya mwaka wa pili tulikuwa Carlos Avery, eneo la umma la kuwindia, ndani ya kibanda cha turubai, upepo unatupiga usoni, baridi ya kuuma vidole. Saa moja asubuhi jike alitoka kwenye mierebi, akitafuna, sikio moja mbele moja nyuma. Kijana alisubiri kichwa kipite nyuma ya mti ndipo akavuta, ratili 45 sasa, na sikusikia hata mlio wa kitambaa cha koti lake. Akakaa hivyo, ugwe umegusa pembe ya mdomo, vigurudumu vimeshachukua sehemu kubwa ya uzito, mkono haukutikisika. Yadi 17. Mlio ulikuwa kama wa mtu kugonga mto kwa ngumi. Tulikaa nusu saa bila kusema, yeye ameshika mkono wangu. Damu ilikuwa ya waridi yenye mapovu, ya mapafu, na jike alikuwa amelala hatua 60 kutoka hapo.

Kijana alipiga magoti, akaweka kiganja ubavuni mwa jike kabla ya kutoa kisu. Sikumfundisha hilo. Jumapili tulipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa nyama ya paja, na mjomba wangu aliyeko Kitui alipopiga simu ya video akamwambia, "Umemlisha mama yako, mwanangu."

Wangu nimeuacha ratili 42, bega langu linatosheka hapo. Wake uko 48 na skrubu bado zina nafasi. Dada yake ana miaka 10 na ameanza kuuliza. Nimempima ukutani jana: inchi 56 ncha hadi ncha, yaani kama 22 na nusu ya kuvuta.