Miaka miwili katika nyumba yenye samani: vilivyonifaa, vilivyochakaa na nani alipaswa kuvibadilisha

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za nyumba niliyoipanga kwa miaka miwili na miezi miwili. Ni ya vyumba viwili, sebule, jiko na bafu, na tangazo lake lilikuwa fupi: "Ina samani zote, hamia." Nilihamia na mabegi mawili. Naandika kwa ajili ya mtu anayeingia nyumba ya namna hii kwa mara ya kwanza, kama nilivyoingia mimi, na kwa mwenye nyumba yeyote atakayepita hapa.

Mazuri yapo, nianze nayo. Meza ya kulia ilikuwa ya mbao ngumu na haikuyumba hata siku moja. Kabati zilifunga, feni zote mbili zilizunguka mwanzo hadi mwisho, na mapazia yalikuwa mazito ya kutosha kuzuia mwanga wa asubuhi. Mwenye nyumba ni mzee muungwana: anapokea simu, haji bila taarifa, hapandishi sauti. Yeye kama mtu nampa nyota tano. Nyumba naipa tatu. Mbili nilizokata zina sababu moja tu, kwamba kwake yeye kitu kikishawekwa ndani ya nyumba kimewekwa moja kwa moja, hakina umri wala mwisho.

Godoro ndilo lililonifundisha hilo. Siku ya kukagua nyumba lilikuwa limetandikwa vizuri, juu yake mfarishi safi, nami nikalibonyeza kwa kiganja pembeni nikaridhika. Usiku wa kwanza nikajikuta nimeteleza hadi katikati. Baada ya wiki mbili mgongo ulikuwa unauma kila nikiamka, na nikilala kwa ndugu yangu hauumi. Nikavua shuka, nikalaza mpini wa fagio kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Chini ya mpini, katikati, vidole vyangu vinne vilipita bila kugusa godoro. Nikampigia mwenye nyumba.

"Mwanangu, godoro hilo lilikuwa la gharama sana."

"Nakuamini, mzee. Lilinunuliwa lini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: mwaka ule alipoingia mpangaji wa kwanza. Mimi nilikuwa wa nne. Miaka kumi na moja.

Magodoro mengi huhesabiwa kufanya kazi yake kwa miaka 7 hadi 10. Baada ya hapo sponji huwa imeshakandamizwa mno, haiinuki tena mtu akiondoka, na kama ni la springi, springi za katikati zimelegea kwa sababu ndipo uzito unapokaa kila usiku. Hakuna aliyeliharibu. Wapangaji wanne wamelilalia, na kulilalia ndiyo kazi waliyokuwa wakilipia kila mwezi. Hapo ndipo nilipoielewa kodi ya nyumba yenye samani. Ni kubwa kuliko ya nyumba tupu kwa sababu ndani yake mna malipo ya uchakavu. Kwa hiyo mwenye nyumba akimwambia mpangaji alipie godoro lililozeeka, anamlipisha mara ya pili kitu kilekile.

Wakati ule sikuwa na hoja hiyo kichwani. Tulibishana kwa upole miezi mitano, mwisho akasema tugawane nusu kwa nusu, nami kwa uchovu wa mgongo nikakubali. Nilikosea. Godoro lilibaki mali yake, na mpangaji wa tano atalilalia.

Fundi aliyeleta godoro jipya alifanya jambo ambalo nisingelifikiria: aliinua lile la zamani akazikagua chaga. Mbili zilikuwa zimepasuka. Alisema godoro jipya juu ya chaga mbovu litabonyea palepale kabla ya mwaka kwisha. Zikabadilishwa siku ileile. Aliniomba pia nikague maungio ya kitanda na mbao za kichwani, kama kuna vidoa vyeusi vidogo vidogo, ambavyo ni dalili ya kunguni. Mtu asidanganyike kwamba nyumba imekaa tupu miezi miwili kwa hiyo ni salama. Kunguni huvumilia njaa miezi kadhaa. Naona mwenye nyumba anapaswa kutoa kifuniko cha godoro kisichopitisha maji, kipya kwa kila mpangaji. Shuka, foronya, mito na taulo mtu aje na zake, labda kama anapanga kwa wiki chache tu. Hivyo hugusa mwili na ni vyepesi kubeba.

Friji ilinisumbua kwa namna nyingine, maana ilikuwa inafanya kazi. Iliwaka, iliunguruma, taa ya ndani ilikuwa nzima. Kwenye orodha ya mkataba iliandikwa "friji, nzima". Lakini chakula kiliharibika siku ya pili, barafu ilijaa ukutani kwa ndani, na mashine haikupumzika usiku wala mchana, hadi gharama ya umeme ikanishtua. Nikanunua kipimajoto kidogo. Ndani ya friji inatakiwa iwe nyuzijoto 4 au chini yake, na kwenye sehemu ya kugandisha 18 chini ya sifuri. Mimi nilisoma 11. Ukitaka kujua kwako, chukua karatasi, ibane na mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umekufa na hewa ya joto inaingia muda wote. Kwangu karatasi ilidondoka yenyewe kabla sijaivuta.

Mzee alidhani nataka friji mpya, akaanza kuniambia habari za kipato. Nikamwambia, mzee, ni mpira tu. Fundi aliufunga kwa muda usiofika saa moja, na kipimajoto kikashuka hadi 4 jioni ileile. Ule mpira wa zamani ulikuwa mgumu, una nyufa, umekauka kwa miaka. Alilipa yeye, na ilikuwa haki. Wajibu wangu ulikuwa kuufuta kwa maji ya sabuni na kutoisukumiza friji hadi ukutani ikakosa hewa kwa nyuma, na huo niliutimiza.

Kwenye vitu vya usalama sikukubali mjadala, na namshukuru kwamba naye hakujadili. Mpira wa gesi wa jiko ulikuwa umechapwa tarehe ya mwisho ubavuni, na tarehe hiyo ilikuwa imepita miaka mitatu. Nilipoukunja ukaonyesha mipasuko midogo kama ngozi ya kisigino. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, na upande wa mtungi mapovu yakaanza kuvimba. (Gesi hutafutwa kwa povu, kamwe usitumie kiberiti.) Nilifunga mtungi, nikafungua madirisha, nikampigia, na kabla ya magharibi fundi alikuwa ameshafunga mpira mpya na kichwa kipya cha mtungi. Kwa siku hiyo nampa nyota zote.

Kengele ya moshi ilikuwepo kwenye dari ya korido, imegeuka rangi ya manjano. Nilibonyeza kitufe chake cha majaribio, kimya. Nikaweka betri mpya, kimya. Nikaishusha nikasoma nyuma mwaka iliotengenezwa, nikaelewa. Kengele hizi huwa na umri wa kama miaka 10, kisha kifaa kinachonusa moshi hakitegemeki tena, hata betri iwe mpya namna gani. Hubadilishwa nzima. Naomba mwenye nyumba yeyote apande kiti leo hii akasome nyuma ya yake. Mpangaji naye akishapewa inayofanya kazi, kuijaribu mara moja kwa mwezi na kubadilisha betri ni juu yake.

Kitasa cha mlango wa mbele hakikubadilishwa nilipoingia. Wapangaji watatu walinitangulia, na hakuna ajuaye funguo ngapi zilichongwa. Niliishi na wazo hilo miezi minane kabla sijathubutu kulisema. Kubadilisha moyo wa kitasa ni kazi ya dakika chache, na ingefanyika kila nyumba inapobadilisha mtu, bila kungoja kuombwa.

Vyombo vya jikoni nitavipita upesi. Sufuria zilikuwa nzuri. Kikaango kile kisichoshika chakula kilikuwa kimechubuka chote, na nilikiweka kando nikanunua changu. Utando wa vikaango hivyo huanza kuvunjika na kutoa moshi mbaya ukipita nyuzijoto 260, na kikaango kilichoachwa kitupu juu ya moto mkali hufika huko haraka. Hata kisipofika, kilichochubuka kimemaliza siku zake. Vikombe, visu, sahani, mwenye nyumba atoe vya kutosha mwanzoni, atakayevunja alipe. Taa zikiungua mpangaji abadilishe, gesi ikiisha ajaze.

Sasa mkataba. Kuna kifungu nilikisaini bila kukitafakari: "Mpangaji atatengeneza kila kitakachoharibika." Kila! Kwa maneno hayo hata mpira wa friji ulikuwa wangu. Tulipoongeza mwaka wa pili nilimwomba mzee tuandike "kitakachoharibika kwa uzembe wa mpangaji", na tuongeze kwamba kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida atakibadilisha yeye. Alisoma mara mbili, akasema ni sawa. Nina hakika wenye nyumba wengi wangekubali kama wangeombwa mapema, kabla kitu hakijavunjika na watu hawajakasirika.

Kilichoniokoa siku ya kuondoka ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ya kwanza nilitumia alasiri nzima kuorodhesha vitu 63, kila kimoja na hali yake: kochi, kitambaa kimepauka upande wa dirishani, kiti cha tatu, mguu una mkwaruzo, pasi, waya umefungwa utepe. Nikapiga picha zenye tarehe, tukasaini wote wawili. Hivyo mzee alipotaka kukata kwenye dhamana yangu kwa sababu ya kochi lililopauka, nilimfungulia ukurasa. Jua ndilo lililolipausha, na lilianza kabla yangu. Akaliacha.

Lakini zulia nililiharibu mimi. Nilisimamisha pasi juu yake wakati nafungua mlango, ikaanguka, ikaacha alama ya kuungua yenye umbo la pasi kamili. Nilimwambia siku ileile na sikutaka kukwepa. Mzee alitaka bei ya zulia jipya. Tukaketi mezani na karatasi. Risiti yake ilionyesha zulia lina miaka sita. Tulikubaliana kwamba zulia la aina ile, sebuleni, mtu hutarajia litumike miaka minane. Basi lilikuwa limebakiza miaka miwili kati ya minane, yaani robo ya maisha yake, na robo ya bei ndiyo niliyomharibia. Nikilipa bei nzima, yeye atakuwa amegeuza zulia kuukuu kuwa jipya kwa fedha yangu. Aliikagua hesabu ile muda mrefu, akaifanya tena mwenyewe kwa mkono wake, ikatoka vilevile. Nikalipa robo, na nililipa kwa moyo mweupe kwa sababu ilikuwa haki.

Kisha, bila mimi kusema, akalitaja godoro. Aliuliza kwa nini kanuni ileile haikutumika siku ile tulipogawana. Nikamwambia sikuwa naijua. Akahesabu: la zamani lilikuwa na miaka kumi na moja, thamani iliyobaki haikuwepo, na sikuliharibu mimi. Alinirudishia nusu yangu pamoja na dhamana, ukiondoa miezi 21 niliyolilalia lile jipya. Kwa maoni yangu hata hiyo miezi 21 ilikuwa ndani ya kodi, lakini sikumbishia.

Nikiulizwa kama ningepanga tena hapo, ndiyo, kwa masharti kwamba kitasa kibadilishwe kwanza na makochi yavalishwe vitambaa vipya, maana sponji yake bado ni nzima. Nilipokuwa namkabidhi funguo aliniomba nimwachie nakala ya orodha ya vitu 63. Alichukua rula, akachora safu mpya pembeni, juu yake akaandika "mwaka wa kununuliwa". Mbele ya godoro aliandika bila kusita. Mbele ya kengele ya moshi pia. Alipofika kwenye friji alisimama, akavua miwani, akampigia mkewe kumuuliza.