itch.io siku matokeo ya mashindano yanapotoka: nyota nne kati ya tano

Naanza na jibu kabisa alafu maelezo yafuate. Kama wewe ni mtu wa kutengeneza gemu usiku ukishatoka kazini, huna kampuni, huna mtaji, una laptopu yako na bando la wiki, itch.io, tovuti ya kuweka na kuchezea magemu, ni huduma nzuri sana na naipa nyota nne kati ya tano bila wasiwasi. Nyota moja nimeizuia kwa jambo moja tu, nalo ni vile inavyokupa matokeo mashindano ya kutengeneza gemu yakiisha, manake hio siku ndo siku watu wengi wanaumia roho na wengine wanaacha gemu moja kwa moja, na kinachowaacha hivyo ni namba ambayo hakuna aliyewaeleza imetoka wapi.

Kwa asiyeijua, itch.io ilianzishwa mwaka 2013 na Mmarekani mmoja anaitwa Leaf Corcoran. Unafungua akaunti bure, unapandisha gemu yako, watu wanaicheza palepale kwenye brauza bila kushusha kitu. Ukitaka kuuza unaiuza, na wewe mwenyewe ndo unachagua tovuti ikate asilimia ngapi, ikianza na 10 lakini unaweza kushusha mpaka sifuri. Ila sisi wengi tunaingia pale kwa ajili ya mashindano, yale ya wikendi moja ambapo mwenye kuandaa anatoa mada, watu mnatengeneza usiku na mchana mpaka dedlaini, alafu mnachezeana na kupigiana kura za nyota moja mpaka tano kwenye vipengele alivyoweka mwandalizi, picha, sauti, utamu wa kucheza, ubunifu, na kadhalika.

Sisi tulikuwa watu wawili, mimi hapa Malindi nikiandika kodi, yaani maagizo ya programu, na mdogo wangu mtoto wa ami yuko Lamu anachora. Picha zinakuja kwa WhatsApp, maelezo kwa voisinoti, usiku mzima. Gemu yenyewe ni ya mashua inayotoka Malindi kupanda mpaka Amu, yaani Lamu, wakati wa kaskazi, yaani upepo unao usoni, huwezi kwenda moja kwa moja, lazima ubishe, unakwenda upande huu alafu unageuza tanga unakwenda upande ule mpaka ufike. Mdogo wangu alichora tanga, foromali, mpaka jicho la mashua kwenye omo, yaani mbele ya mashua, kazi safi ambayo naisifia mpaka leo.

Matokeo yakatoka tuko huko chini. Ujumbe wa kwanza alioniandikia: "Kaka, futa hio peji leo leo kabla watu hawajaiona." Nikamwambia tulia kwanza, usifute kitu, lala, kesho tuisome pamoja. Na hapa ndo nataka kila anayeshiriki anisikilize vizuri, usifanye uamuzi wowote usiku wa matokeo, usifute peji, usijibu komenti, usiandike chochote kwa mwandalizi. Kile kidonda ni cha kweli, umekesha, umekula mkate na chai siku mbili, alafu mtu anakuweka nyuma ya gemu ambayo wewe unaiona haijafika popote. Uchungu huo usiudharau na asikwambie mtu ati ni gemu tu. Ni kazi ya mikono yako.

Sasa hio namba. Kwenye jedwali la matokeo itch.io inakupa alama mbili, moja ni ile iliyorekebishwa na nyingine ni ghafi, yaani wastani wa nyota ulizopewa kweli. Nafasi yako inapangwa kwa ile iliyorekebishwa, sio kwa wastani wako. Urekebishaji wenyewe uko hivi: panga magemu yote kwa idadi ya kura, chukua idadi ya ile gemu iliyoko katikati. Ukiwa na kura sawa na hizo au zaidi, alama yako inabaki kama ilivyo. Ukiwa na chache, wanagawanya kura zako kwa zile za katikati, wanatafuta kipeuo cha pili, alafu wanazidisha na wastani wako. Chukua mfano, ya katikati ina kura 16, wewe umepata 9, na wastani wako ni nyota 4 kamili. 9 kwa 16, kipeuo chake ni 0.75, mara 4 unapata 3. Umeshuka nyota nzima na hakuna mtu hata mmoja aliyesema gemu yako ni mbaya! Mwenzako mwenye wastani wa 3.4 lakini kura 30 anabaki na 3.4 yake na anakupita.

Mimi naona hio hesabu ina haki yake, manake bila hio mtu angeleta marafiki zake watatu wampe tano tano na ashinde. Kinachonikera ni kwamba nafasi inakaa mahali pa kuonekana, maelezo yake ni mstari mmoja mdogo chini, na kijana aliyevunjika moyo hasomi mistari midogo. Ile alama ghafi ndo ingewekwa mbele. Hapo ndo nyota yangu ya tano imebaki.

Kwa hivyo kabla hujasema gemu yangu ni takataka, angalia alama hizo mbili. Zikiwa mbali, tatizo lako ni kwamba watu hawakufika, na dawa yake inajulikana, ingia kwenye magemu ya wenzako siku za kura, cheza kweli, acha komenti ya maana, wengi watarudi kwako kuangalia ni nani huyu. Zikiwa karibu na zote ziko chini, basi watu walifika, walicheza, na kuna kitu hakikuwakaa. Alafu kwenye dashibodi yako angalia tena, walioifungua peji ni wangapi na waliocheza ni wangapi. Wakifungua wengi wakacheza wachache, basi picha ya mbele na maelezo havikuwavuta, au gemu haikufunguka.

Hii ya kutofunguka ni ya kiufundi lakini inaua watu wengi. Kwa wanaotumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, matoleo ya 4 ya mwanzoni yakitolewa kwa ajili ya brauza yalikuwa yanategemea kitu kinaitwa SharedArrayBuffer, na itch.io ina mahali pa kutiki kukiwasha, usipotiki mtu anaona skrini ya ujumbe wa hitilafu tu. Kuanzia Godot 4.3 iliyotoka Agosti 2024 unaweza kutoa gemu bila nyuzi nyingi, yaani bila kazi kugawanywa zifanyike kadhaa kwa pamoja, na hilo tatizo halipo. Nyingine ni majina ya mafaili, Windows haijali herufi kubwa na ndogo lakini ukishapandisha, Tanga.png na tanga.png ni mafaili mawili tofauti, kwako inacheza vizuri kwa mchezaji picha haipo. Jaribu kwa simu ya mtu mwengine kabla ya dedlaini, sio laptopu yako.

Turudi kwenye komenti, manake hapo ndo huduma hii inalipa. Chini ya kila gemu watu wanaandika, na kwenye mashindano wanaoandika ni watengenezaji wenzako, kwa hivyo hawakwambii "nzuri sana" wakaenda zao, wengi wanakueleza walipokwama. Sisi tulipata za aina nyingi lakini moja ilijirudia kwa maneno tofauti: mashua haiendi. Mmoja akasema kuna kosa kwenye kodi, mwengine akasema vitufe vimekufa, mwengine akatushauri tuongeze injini.

Mdogo wangu aliwaka. Yeye amezaliwa Langoni, mtaa wa Lamu, amekulia kwenye mashua, ananiambia hawa hawajui bahari, mashua gani inakwenda upepo ukiwa usoni, sisi tumefanya sawa na wao ndo hawaelewi. Na upande wa bahari ana haki kabisa, ule upepo wetu uko sawa, nahodha yeyote angeucheza bila kuuliza. Lakini mchezaji wa Poland au Brazil hajawahi kushika demani, ile kamba ya tanga, na gemu haikumwonyesha kwamba tanga limekosa upepo, mashua ilisimama tu kimya. Hapo nikamwambia, wakikwambia wamekwama waamini, manake kukwama kwao wanakujua wao. Dawa wanayokupa usiichukue hivyo hivyo, manake gemu ni yako na unakokwenda unakujua wewe. Injini hatukuweka. Tulichofanya ni tanga kuanza kupigapiga ukielekeza omo kwenye upepo, na sauti ya kitambaa, na ukigeuka kidogo linajaa na mashua inainama. Picha nne mpya za tanga na sauti moja aliyoirekodi mwenyewe pale gatini. Basi, ile komenti haikurudi tena kwa waliocheza toleo jipya.

Angalia lakini, mashindano mengi hayakuruhusi kupandisha toleo jipya wakati wa kura, kwa hivyo soma masharti ya mwandalizi, weka mabadiliko yako kando na uyapandishe kura zikifungwa.

Na kuna vitu komenti haziwezi kukwambia. Nilimpa simu jirani yangu mmoja, mzee mvuvi wa hapa, nikakaa kando nikanyamaza kabisa (hii ni ngumu sana, mdomo unawasha). Mzee akawa anabisha vizuri kuliko mimi, lakini kila akigeuza anakosea upande, nikashangaa, mpaka nikaangalia kidole chake. Bendera ya kuonyesha upepo tuliiweka pembeni chini kulia, na gumba lake lilikuwa limeifunika yote. Hakulalamika hata, alidhani ndivyo ilivyo. Hakuna mtu kwenye mashindano aliyetuandikia hilo kwa sababu wote walicheza kwa kompyuta. Kwa hivyo itch.io itakupa maoni ya dunia lakini ya mtaani kwako itabidi uyatafute mwenyewe, na pale kwenye mipangilio ya peji kuna mahali pa kutiki kwamba gemu inafaa kwa simu, tiki ukiwa umeshajaribu kwa simu kweli, manake huku kwetu wengi watakuja nayo.

Kuhusu kujibu. Komenti kali zipo, sio nyingi, lakini zipo, na moja inaweza kukuharibia wiki ukasahau kumi nzuri. Mimi nazisoma zote mara moja bila kujibu, nazinakili kwenye daftari, naziweka pamoja zile zinazosema jambo moja hata kama maneno ni tofauti. Iliyosemwa na mtu mmoja tu naiacha isubiri, iliyosemwa na watatu naanza nayo. Alafu narudi kujibu kwa ufupi, asante, ulikwama wapi hasa, ulikuwa unatumia simu au kompyuta? Usijitetee. Ukianza kueleza ati hapo ulitakiwa ufanye hivi, umeshampoteza, yule hatakuandikia tena, na mchezaji anayejisumbua kuandika ni mali. Na komenti ya matusi haina kitu cha kukufundisha, kwenye peji yako unaweza kuifuta, ifute na uendelee.

Kasoro nyengine ndogo ndogo ni kwamba tovuti kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, na kwenye mashindano makubwa yenye maelfu ya magemu ya kwako inazama kama hujazunguka kuwachezea wenzako, na mtu wa bando dogo kucheza magemu ya watu ishirini ni gharama. Nawashauri wa hapa mchague mashindano madogo, ya magemu hamsini au mia, kule mtu anakuona na komenti zinakuwa ndefu.

Kitu cha mwisho ambacho wengi hawajui, mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandaa mashindano yake pale bure, na wakati wa kuyafungua unachagua kama yatakuwa na kura au hayatakuwa nazo kabisa. Mdogo wangu saa hizi anataka tuandae ya watu wa pwani, Malindi, Lamu, Mombasa na mwengine yeyote, gemu kwa Kiswahili, wikendi moja, na mimi nimemwambia nakubali kwa sharti yawe hayana kura, watu wacheze na waandike komenti tu. Yeye anataka nafasi ziwepo, ati bila mshindi watu hawatakesha. Hatujakubaliana bado, kwa hivyo anayetaka kushiriki aseme na yeye anaonaje.