Siku moja Aswan: Abu Simbel au Philae?

Ukiwa na siku moja tu Aswan, kusini mwa Misri, kati ya mahekalu ya kale ya Abu Simbel na Philae mimi nakushauri Abu Simbel, hata kama itakubidi uamke usiku wa manane.

Philae ni karibu. Unachukua teksi hadi gati la Shellal, kisha boti hadi kisiwa cha Agilkia. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, pamoja na muda wa kukusubiri. Hekalu lililopo hapo ni la Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale, na humo ndimo yalimochongwa maandishi ya mwisho ya hieroglifu (mwandiko wa picha wa Misri ya kale) yanayojulikana, mwaka 394 BK. Tazama pia misalaba ya Wakristo waliosali humo baadaye. Asubuhi moja inatosha.

Abu Simbel iko kilomita 280 hivi, kando ya Ziwa Nasser. Safari ni ndefu, jangwa tupu kulia na kushoto. Lakini ukifika! Sanamu nne za farao Ramses II, kila moja mita 20 hivi, zimeketi zikitazama maji. Ya pili kutoka kushoto imevunjika. Kichwa chake kiko chini, miguuni. Mahekalu yalipokatwa vipande na kupandishwa mita 65 kati ya 1964 na 1968, yasimezwe na ziwa, mafundi waliyaacha mabaki hayo chini vilevile. Heshima ya namna hiyo kwa kazi ya wazee hunigusa sana.

Usiliruke hekalu dogo la Nefertari, mke wa Ramses: sanamu za malkia zinalingana kimo na za mumewe, jambo la nadra Misri ya kale.

Mwenye watoto wadogo aende Philae.