Dawa ipi ya minyoo umnunulie mbwa wako? Mpangilio kuanzia iliyo bora

Kabla ya kutoa fedha katika duka la dawa za mifugo, mtazame mbwa wako kwa makini, kwa kuwa dawa nyingi za bei nafuu huua aina moja au mbili tu za minyoo. Vipande vyeupe kama punje za mchele, vilivyonasa kwenye manyoya karibu na tundu la haja kubwa, ni vya tegu. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo lililotuna huku mbavu zikihesabika, anayetapika vitu virefu mfano wa tambi, ana minyoo ya mviringo. Ufizi uliopauka pamoja na kinyesi cheusi kama lami huashiria safura, ambayo hunyonya damu, na mbwa mdogo mwenye hali hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, tembe yenye dawa tatu: prazikwanteli, piranteli na febanteli. Kwa kawaida tembe moja hutosha kilo 10 za uzito, nayo huua tegu, minyoo ya mviringo, safura na minyoo ya mjeledi. Ni ghali kuliko nyingine, lakini prazikwanteli iliyomo inastahili gharama hiyo, hasa ikiwa mbwa hulishwa mapafu au maini mabichi ya machinjioni; humo ndimo anamopata tegu wa Echinococcus, ambaye mayai yake humsababishia binadamu uvimbe wenye maji kwenye ini na mapafu, ugonjwa uliowatesa sana wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Ya pili ni fenbendazoli, miligramu 50 kwa kila kilo, siku 3 mfululizo. Ni salama na ina nguvu dhidi ya minyoo ya mjeledi, ila haimwui tegu anayeenezwa na viroboto.

Ya tatu ni piranteli ya maji, ingawa kwa watoto wa mbwa naipandisha hadi ya kwanza, kwa sababu hupimika kwa urahisi hata kwa mwili mdogo sana. Minyoo ya mviringo huwaingia wakiwa bado tumboni mwa mama na safura huwafikia kupitia maziwa, hivyo wapewe kuanzia wiki 2 za umri, kila baada ya wiki 2 hadi wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na mama naye atibiwe pamoja nao. Mbwa mzima hutosheka na dawa kila miezi 3.

Piperazini inashika mkia, kwani hutegemewa kwa minyoo ya mviringo pekee. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe siipangi kabisa: haiui tegu, kosa dogo la kipimo huwa sumu, na baadhi ya mbwa, kama wa aina ya koli, wanaweza kufa kwayo.

Usikadirie uzito kwa macho. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha utoe uzito wako. Siku hiyo hiyo nunua pia dawa ya viroboto, maana mbwa akimmeza kiroboto mwenye lava ya tegu (tegu mchanga), vile vipande vya mchele vitaonekana tena baada ya wiki chache.