mkextunpack ya Mac OS X: inafungua kifurushi, hairudishi viendelezi

Matoleo ya zamani ya Mac OS X yalipakia viendelezi vya keneli (vipande vya programu, kama viendeshi vya vifaa, vinavyoongezwa kwenye kiini cha mfumo) katika faili moja, Extensions.mkext, ili kompyuta isipekue folda moja moja inapowaka. Kwenye 10.5 faili hilo lilikaa /System/Library. Toleo la 10.6 la mwaka 2009 likalihamishia /System/Library/Caches/com.apple.kext.caches/Startup. Kwa anayetaka kujua ndani mna nini, mkextunpack, programu ya mstari wa amri ya Apple yenyewe, inatosha kabisa.

Anza na `mkextunpack -v Extensions.mkext`. Bila `-d`, inaorodhesha tu majina na haigusi diski. Ukitaka kutoa vilivyomo:

`mkdir /tmp/viendelezi`
`mkextunpack -v -a i386 -d /tmp/viendelezi Extensions.mkext`

Usiruke hiyo `mkdir`: programu haikutengenezei folda, inagoma tu.

Chaguo la `-a` ndilo la kuwa nalo makini. Kifurushi kimoja huweza kubeba viendelezi vya ppc (prosesa za PowerPC) pamoja na i386 (Intel za biti 32), au i386 pamoja na x86_64 (Intel za biti 64), na ukitaja prosesa isiyomo unapata kosa. Chungulia kwanza kwa `xxd -l 16 Extensions.mkext`. Baiti za mwanzo zikiwa cafebabe, ni cha prosesa zaidi ya moja. Ukiona MKXTMOSX, ni cha moja tu. mkextunpack inasoma mkext toleo la 1, lililobanwa kwa mbinu ya LZSS, na la 2 lililokuja na 10.6 likitumia mbinu ya zlib, bila wewe kuiambia lipi ni lipi. Hapo inastahili sifa. Faili lililokatika wakati wa kunakiliwa nalo hunaswa, kwa kuwa kichwa chake kina urefu na hesabu ya uhakiki ya Adler-32.

Ila usiitegemee kama njia ya kurejesha viendelezi vilivyofutwa. Unachopata hasa ni Info.plist, faili la maelezo ya kiendelezi, na faili tekelezi. Tafsiri za lugha na vikorombwezo vingine vya folda ya awali havimo. Majina ya folda nayo huweza kuwa ya kukisiwa kutokana na Info.plist, kwa hiyo linganisha kwa CFBundleIdentifier, kitambulisho kilichomo humo, si kwa jina. Kama ni lazima ukijaribu kimojawapo kwa `kextload`, amri ya kupakia kiendelezi kwenye keneli, endesha kwanza `sudo chown -R root:wheel` na `sudo chmod -R 755` juu ya folda yake. Faili zilizo mali ya mtumiaji wa kawaida hukataliwa kwa sababu za usalama.

Kuanzia 10.7 ya mwaka 2011, kuwasha kompyuta kulihamia kwenye keneli iliyounganishwa tayari na viendelezi vyake. Faili hilo si mkext, na mkextunpack hailifungui. Wa macOS 11 na kuendelea watumie `kmutil inspect` kuona vilivyomo. Penye diski za 10.4 hadi 10.6, hasa unapotafuta kiendelezi kinachoangusha mashine ya zamani, mkextunpack ndiyo ya kuishika kwanza.