Tathmini ya bigrquery: kuunganisha R na ghala la BigQuery kwa ajili ya ripoti

Kifurushi cha bigrquery, ambacho mwandishi wake mkuu ni Hadley Wickham, huiwezesha programu ya takwimu ya R kusoma moja kwa moja majedwali yaliyomo katika BigQuery, ghala la data la Google lililoko kwenye wingu. Hakiuzwi, kama ambavyo R yenyewe haiuzwi. Nakitathmini hapa kwa faida ya mchambuzi ambaye kila asubuhi hupakua faili la CSV, hulisafisha, kisha huandaa ripoti ambayo mkuu wake wa kazi anaisoma alasiri, wakati data yenyewe imekwishabadilika.

Nguvu yake halisi hujitokeza kinapotumiwa pamoja na dbplyr, kifurushi kingine cha R. Mchambuzi huandika amri zilezile alizozizoea za kuchuja, kupanga kwa makundi na kujumlisha. Dbplyr huzigeuza kuwa swali la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, BigQuery hulifanyia kazi hukohuko winguni, na kinachoteremka kwenye kompyuta, pale tu inapotolewa amri ya collect, ni jibu peke yake. Jedwali linaweza kuwa na mamilioni ya miamala ya Tanzania nzima, lakini ikiwa ripoti inataka jumla ya kila mkoa, kinachosafiri kwenye intaneti ni mistari 31. Kwa anayefanya kazi kwa bando la simu, au kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika au haitafanyika. Amri ya show_query nayo huionyesha SQL iliyotengenezwa, na ningemshauri kila mtumiaji aisome kabla ya kuiamini, kwa sababu kasoro ya pili kati ya mbili kubwa nitakazozieleza huanzia hapo.

Ya kwanza inahusu namba kubwa. BigQuery huhifadhi namba kamili kwa biti 64, lakini namba kamili ya kawaida katika R ni ya biti 32 na ukomo wake ni 2,147,483,647. Bigrquery, kama hakikuelekezwa vingine, hutumia aina hiyo ndogo, na thamani yoyote inayozidi ukomo hugeuka NA, alama ya R ya thamani isiyokuwepo. Mtu anayeandika ripoti kwa dola anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na jambo hili. Anayeandika kwa shilingi za Tanzania hatachelewa, maana shilingi bilioni 2.1 hazifiki hata dola milioni moja, na mauzo ya msambazaji wa kati hupita hapo bila shida. Namba za simu zinazoanza na 255 au 254, zikiwa zimehifadhiwa kama namba kamili, hupotea zote, kwani zina tarakimu 12. Dawa yake ni neno moja katika amri ya kuunganisha: kipengele cha bigint kiwekwe "numeric" kwa ajili ya fedha, ambapo namba kamili za hadi tarakimu 15 hubaki sahihi. Chaguo la "integer64" lipo pia, lakini si kila kifurushi cha R kinaielewa vizuri aina hiyo. (Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarakimu 20, haienei hata katika biti 64, mahali pake ni kwenye safu ya maandishi.) Naona kwamba chaguo-msingi hili halifai kwa nchi ambazo sarafu zake zina masifuri mengi, na lingepaswa kubadilishwa.

Ya pili inahusu saa. Muda katika BigQuery huhesabiwa kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Safu ya muda inapogeuzwa kuwa tarehe bila kutaja eneo la saa, muamala uliofanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku huhesabiwa kuwa wa jana. Kwa duka linalofungwa jioni hilo halina madhara. Kwa huduma za fedha kwa simu, hospitali au baa, linahamisha mapato kutoka siku moja kwenda nyingine, na tarehe mosi linayahamisha hadi mwezi uliopita. Tiba ni kuandika kipande cha SQL ndani ya amri ya R, yaani DATE(muda, 'Africa/Dar_es_Salaam'), na kukirudia katika kila ripoti.

Gharama inahitaji uangalifu, ingawa haitishi. BigQuery hutoza kulingana na wingi wa data iliyosomwa, wala si ukubwa wa jibu. Terabaiti 1 ya kwanza kila mwezi ni bure. Baada ya hapo bei katika vituo vya Marekani ni dola 6.25 kwa terabaiti. Kwa kuwa data hupangwa kwa safu wima, kuchagua safu tatu badala ya arobaini hupunguza bili papo hapo, lakini kuomba mistari kumi ya mwanzo kwenye jedwali la kawaida hakuipunguzi hata kidogo, jambo linalowashangaza wengi. Amri ya bq_perform_query_dry_run hutaja kiasi kitakachosomwa kabla ya kulipia. Swali linalorudiwa ndani ya saa 24 hujibiwa bure kutoka kwenye akiba ya majibu yaliyokwishatolewa, isipokuwa jedwali linapoendelea kupokea data mpya mfululizo; na majedwali ya namna hiyo ndiyo hasa yanayotakiwa kwa ripoti za papo kwa papo.

Kuingia ni rahisi: kwenye kompyuta binafsi kivinjari hufunguka na kuomba idhini, na kwenye seva hutumika faili la ufunguo la akaunti ya huduma (akaunti inayotumiwa na programu badala ya mtu), ambayo ipewe ruhusa ya kusoma na kuendesha maswali tu. Ripoti yenyewe huandaliwa vyema kwa Quarto, zana inayounganisha maandishi na matokeo ya R katika waraka mmoja. Hata hivyo, ripoti ya Quarto ni picha ya dakika ile ilipotengenezwa, kwa hiyo saa ya kuchukuliwa kwa data iandikwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

Ofisi ambayo tayari imelipia Stata, programu nyingine ya takwimu, inaweza kufika kwenye ghala hilohilo kwa ODBC, au kwa JDBC kuanzia toleo la 17 (zote mbili ni njia za kawaida za kuunganisha programu na hifadhidata), lakini SQL italazimika kuandikwa kwa mkono, na jedwali likiitwa zima litajazana kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwa timu ambayo ina mtu mmoja anayeimudu SQL, njia hiyo inatosha. Kwa timu isiyo na mtu huyo ningechagua bigrquery, kwa sharti kwamba bigint na eneo la saa viwekwe katika faili moja la maandalizi ambalo kila ripoti inaanza kwa kulisoma.